Kabla ya Kununua Betri ya Gari Dogo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, pamoja na wanafunzi wa sasa)



 Katibu aliniomba nichague jambo lenye manufaa, lisiwe siasa, wala lisiwe visa vya bwenini, kwa kuwa visa hivyo vitasimuliwa jioni bila kuombwa. Nimechagua betri ya gari, na hasa namna ya kuchagua betri mpya kwa gari dogo la zamani.

Wapo watakaoona kwamba jambo hili ni la fundi, si la mkutano wa wasomi. Nawaomba wanivumilie kidogo. Kwetu Ngara na Biharamulo gari dogo kuukuu si pambo. Ndilo linalobeba ndizi kwenda soko la Benaco, na ndilo linalompeleka mwalimu mjini kufuata mshahara wake. Usiku wa manane, mama akishikwa na uchungu Rusumo au Kasulo, mara nyingi kinachotafutwa kwanza ni gari la jirani, ili mgonjwa afikishwe hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge. Gari hilo likikataa kuwaka saa hiyo, hakuna atakayeuliza injini yake ina nguvu kiasi gani.

Tena mambo yamebadilika. Wenzangu waliokuwa na magari mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni na spea zikawa adimu, wanakumbuka dawa yetu: kuegesha gari mteremkoni. Asubuhi uliliachia, likashika mwendo, ukatia gia ya pili, ukaachia klachi, ukaenda zako. Lakini magari mengi madogo yanayoingia nchini siku hizi kutoka Japani ni ya gia za otomatiki, na hayo hayawaki kwa kusukumwa. Hata kijiji kizima kikisukuma, hakuna faida. Kwa mwenye gari la namna hiyo betri imebaki kuwa tegemeo lake la pekee.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: usinunue betri mpaka umethibitisha kwamba iliyopo ndiyo mgonjwa, na ukinunua, tafuta inayolingana na gari na ambayo haijachakaa dukani, wala usivutwe na ukubwa au urahisi wa bei.

Betri hufanya kazi gani

Vijana wa kidato cha tatu na cha nne watanisahihisha nikikosea hesabu. Betri ya gari ni ndugu wa ile iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: bamba za madini ya risasi zilizotumbukizwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ndani yake mna vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na ziada kidogo. Ndiyo maana betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hivi, wala si 12 kamili.

Hapa kwetu, kwenye maporomoko ya Rusumo, pana mitambo ya megawati 80 ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Betri ya gari dogo ni kibuyu tu mbele ya mto huo. Chukua betri ya ampea-saa 35: zidisha kwa volti 12, utapata watisaa 420, yaani umeme wa kuwasha taa ya wati 60 kwa saa 7 na kuishia hapo.

Sasa tazama unavyotumika. Stata ikivuta ampea 150 kwa sekunde 3, imetumia sehemu moja ya nane ya ampea-saa. Ni kidogo sana, na altaneta hukirudisha kiasi hicho baada ya mwendo mfupi. Lakini ukisahau taa kubwa mbili za wati 60 kila moja, zinavuta ampea 10, na kwa saa tatu na nusu betri hiyo imekwisha. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha ijazwe mara moja. Haikutengenezwa kunyonywa polepole usiku kucha.

Kwanza thibitisha ugonjwa

Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi wetu hukimbilia duka la spea. Haraka haraka haina baraka. Betri inaweza kuwa nzima na mwizi akawa mahali pengine. Ukiweka mpya, mwizi huyo ataimaliza nayo. Fanya uchunguzi huu, ambao hauhitaji zaidi ya spana na mita ndogo ya umeme, ile mafundi waiitayo multimita.

Kwanza, tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au ukiweza kuzungusha kibano kwa mkono, umeme haupiti vizuri. Fungua, osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, sugua mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi. Fuata pia waya mnene wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, maana kutu ya hapo huleta ugonjwa ule ule. Magari mengi hupona hapa hapa, bila gharama.

Pili, pima betri asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 ina robo tatu hivi; 12.2 imebaki nusu, 12.0 iko karibu na kwisha. Ikisoma kama 10.5, yaelekea chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, na betri hiyo haina dawa.

Tatu, washa gari na upime tena kwenye vichwa vile vile. Mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu, betri haijazwi: tazama mkanda wa altaneta kama umelegea, au altaneta yenyewe. Ikipanda kupita 15, regulata imeharibika na inaichemsha betri. Katika hali zote mbili, kununua betri mpya ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Nne, tafuta kinachonyonya usiku. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya wa hasi, na uweke mita ya ampea katikati ya waya na kichwa cha betri. Usiwashe gari wala taa kubwa mita ikiwa hapo, utaiunguza. Kikizidi miliampea 50 hivi, kuna kitu kinakula. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Gari likilala wiki mbili, karibu nusu ya ile betri yetu ya 35 imekwenda. Mara nyingi mlaji ni redio iliyofungwa baadaye, king'ora, au taa ya buti isiyozimika. Chomoa fyuzi moja moja, na ile itakayoshusha mita ndiyo itakayokuonyesha mlaji.

Tano, kama betri yako ina vifuniko, fundi mwenye haidromita aipime asidi chumba kimoja kimoja. Betri iliyojaa husoma kati ya 1.250 na 1.280 hivi. Vyumba vyote vikiwa chini kwa kiasi kimoja, huenda inahitaji kuchajiwa tu. Kimoja kikiwa chini sana kuliko wenzake, hicho kimekufa.

Baada ya hayo yote, kama betri imechajiwa ikajaa na bado stata inanung'unika, sasa una haki ya kwenda dukani.

Kuchagua inayolingana

Ndugu Mwenyekiti, ukifika dukani utakuta maandishi yanayotisha. Hayana uchawi. Magari mengi madogo ya Kijapani hutumia betri inayoitwa NS40 au NS60, na majina ya namna ya 46B24L ni utaratibu mpya wa Japani wa kuandika vitu vile vile. Hebu tuisome hiyo 46B24L. Namba 46 ni daraja la nguvu zake, si ampea-saa, na wengi hupotea hapo. Herufi B ni kipimo cha upana na kimo: upana wake ni sentimeta 13 hivi. Namba 24 ni urefu kwa sentimeta. Herufi ya mwisho inaonyesha upande wa kichwa cha chanya.

Herufi hiyo ya mwisho ichukulieni kwa uzito. Weka betri mbele yako, upande wenye vichwa ukiwa karibu na wewe. Chanya ikiwa mkono wa kulia, ni L. Ikiwa mkono wa kushoto, ni R. Nyaya za gari ni fupi. Ukinunua yenye upande usio wako, ama nyaya hazitafika, ama utashawishika kugeuza betri na kufunga chanya mahali pa hasi. Kosa hilo la sekunde moja linaweza kuunguza altaneta na vyombo vingine. Tazama pia unene wa vichwa: vipo vyembamba na vinene, na vinene huandikwa S mwishoni, kama 46B24LS. Kibano kipana juu ya kichwa chembamba hufungwa kwa kipande cha bati au msumari, nasi tumeyaona hayo. Hakishiki vizuri, hupata moto, na kitakuachia siku ya haja.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuchukua rula, kupima kitako cha betri ndani ya gari, kuandika maneno yaliyo kwenye betri ya zamani, na kwenda na karatasi hiyo dukani. Lakini uwe mwangalifu: gari limepita mikono mingi, na huenda mwenye gari aliyekutangulia aliweka betri isiyo yake. Kitabu cha gari kikiwepo, kiamini hicho.

Hapa niseme juu ya ukubwa. Ipo imani kwamba betri kubwa zaidi ni bora zaidi, na wapo wanaotia N70 ya gari la mizigo ndani ya gari dogo kwa kuikalisha juu ya ubao na kuifunga kwa mpira wa tyubu. Ni kweli kwamba betri kubwa haitaunguza stata, kwa sababu volti ni zile zile 12 na stata huchukua inachohitaji. Kasoro yake iko kwingine. Isipokaa vizuri hutikisika, na kwenye barabara zetu za changarawe mtikisiko hupukutisha bamba ndani yake. Ikiwa ndefu kwenda juu, vichwa vinaweza kugusa boneti, nalo ni chuma: cheche hutokea, na moto unaweza kufuata. Chukua ile ya kipimo chake. Kama kitako kina nafasi, kupanda daraja moja si kosa. Na kile chuma cha kuishikilia betri kirudishwe kila mara, kwa kuwa nacho ni sehemu ya gari.

Halafu kuna aina. Betri ya sola na betri ya gari hufanana kwa sura, lakini kazi zao ni mbali. Ya sola ina bamba nene za kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu; ya gari ina bamba nyembamba nyingi za kutoa nguvu kwa ghafla. Ukitia ya sola katika gari, stata itaivunja nguvu mapema. Na ukiichomoa ya gari kila jioni kwenda kuwashia televisheni nyumbani, unaiua, kwa kuwa kila mara inapokaushwa kabisa hupoteza sehemu ya uhai wake. Nyumba ipate betri yake, na gari libaki na yake.

Ama kuhusu yenye vifuniko na iliyozibwa, mimi sina ugomvi. Iliyozibwa ni safi na haihitaji kuongezwa maji. Yenye vifuniko huhitaji kutazamwa kila mwezi, lakini hupimika kwa haidromita na huongezeka maji. Katika gari la zamani ambalo regulata yake si ya kutegemewa sana, yenye vifuniko husamehe zaidi. Lakini kama unajijua kwamba hutafungua boneti mpaka gari lizimike, nunua iliyozibwa. Yenye vifuniko uiongeze maji ya betri tu, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima.

Umri wa betri dukani

Sasa nakuja kwenye jambo linalotuhusu sisi kuliko watu wa Dar es Salaam. Betri iliyotiwa asidi hupoteza umeme hata ikiwa rafuni, kadiri ya asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, na zaidi penye joto. Ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa, bamba zake hushika ugumu usioondoka. Sisi tuko mwisho wa barabara ya zaidi ya kilometa 1,200 kutoka bandarini. Betri imekaa ghalani pwani, ikakaa Mwanza au Kahama, kisha ikakaa tena katika duka la mji mdogo ambako wanunuzi si wengi. Inaweza kuwa na karatasi yake ya nailoni na mng'aro wake wote, lakini ndani ni mzee.

Kwa hiyo uliza tarehe. Viwanda vingi huigonga juu ya betri. Baadhi hutumia herufi kwa mwezi, A kwa Januari, B kwa Februari, na kuendelea, pamoja na tarakimu ya mwaka. Utaratibu si mmoja kwa viwanda vyote, basi mwambie muuzaji akusomee. Ikiwa imepita miezi sita tangu itiwe asidi, na haikuchajiwa, itafute nyingine. Tena usione haya kutoa mita yako hapo dukani. Ikisoma 12.5 au zaidi, vema. Ikiwa chini ya 12.4, aichaji kwanza. Ikiwa chini ya 12.0, mshukuru na uondoke.

Kwa miji yetu ya mbali, betri kavu ni jambo la kufikiria. Hii huja bila asidi, na asidi yake katika chupa. Maadamu haijafunguliwa hukaa ghalani muda mrefu zaidi bila kudhurika. Ukiinunua, itiwe asidi mbele ya macho yako, ile iliyotayarishwa kwa betri, iachwe itulie nusu saa hivi, kisha ichajiwe polepole kabla ya kufungwa. Muuzaji akikuambia ifunge tu, altaneta itamalizia, usikubali.

Dhamana nayo ipimwe kwa umbali. Dhamana ya mwaka mmoja ya duka la mji wa mbali, au la ng'ambo ya daraja, ina thamani ndogo kama nauli ya kuirudisha inakaribia bei ya betri. Mara nyingi ni afadhali ulipe zaidi kidogo kwa muuzaji wa hapa unayemjua na atakayekujua. Dai risiti, na tarehe ya kununua iandikwe juu ya betri. Betri ya mtumba isiyo na historia, mimi singeitegemea kwa gari linaloweza kuitwa usiku.

Kufunga, na ile ya zamani

Wakati wa kufunga, hasi hutolewa kwanza na hurudishwa mwisho. Sababu yake ni kwamba spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya, na hasi bado iko, umeme wote wa betri hupita kwenye spana. Sigara iwekwe mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Asidi ikiruka mwilini au machoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.

Betri ya zamani isitupwe shambani, asidi yake isimwagwe mtoni, na risasi yake isiyeyushwe nyumbani kutengenezea chubwi za nyavu. Mvuke na vumbi la risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kwanza, hata akili zao. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, na kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kukutwa na sumu hiyo katika damu. Bibi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake mchanga alidhurika, ndiye aliyeongoza madai. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Muuzaji akikubali kupokea betri ya zamani na kukupunguzia bei, mpe ikiwa nzima, na asidi yake ndani.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Chama chetu kinafikiri juu ya zawadi kwa shule. Naomba, pamoja na vitabu, maabara ya fizikia ipewe multimita mbili na haidromita moja. Kisha kila tunapokutana, vijana wa kidato cha nne wazipime betri za magari yote yaliyoegeshwa hapo nje, wakiwa na mwalimu wao, na kila mwenye gari apewe karatasi ya matokeo. Watajifunza volti na ampea kwa kitu wanachokiona kila siku. Nasi tutarudi nyumbani tukijua kama gari litawaka litakapogongewa dirisha usiku.